Rubani wa Mama Jelimo

Mama Jelimo alifika kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Kitale akiwa na kuku kwapani na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi, kwa maana kwao mgonjwa hajuliwi hali kwa mikono mitupu. Dadake, Chepngeno, alikuwa hoi kitandani huko Bukwo, upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Na kwa kuwa Kipkemei, mwana wa Mama Jelimo, alikuwa rubani, kanisa zima la kwao Saboti, na hata Chepngeno mwenyewe, walikwisha kuambiwa kwamba Mama atapelekwa kwa ndege.

Kipkemei alikuwa ameitikia "sawa" kwenye simu bila kufikiri. Naye alizaliwa mlimani, ambako ng'ombe huchungwa ng'ambo na mtu huvuka kwenda kuomba chumvi. Ndege ya mwajiri wake, Gichuki, alizoea kuirusha hadi mashamba ya miwa ya Bungoma na kurudi. Suala la mpaka lilimjia akilini alipokuwa akitia mafuta.

"Mama, hatuwezi kwenda moja kwa moja."

"Si ni hapo tu nyuma ya mlima! Ati ndege inashindwa na mahali mbuzi anafika?"

Akamweleza polepole. Ndege ya kuvuka mpaka huombewa kibali cha Uganda mapema, hupitia Eldoret kwa watu wa uhamiaji na forodha, kisha hutua Entebbe, mbali kabisa na Bukwo.

"Na huyu kuku naye atatakiwa kuwa na cheti cha daktari wa mifugo."

"Ukipita chini chini nani atakuona?"

Kipkemei aliutazama mlima. Kuuruka kungekuwa kazi ya dakika chache. "Wataniona, Mama. Nitanyang'anywa leseni, pengine nifungwe. Utakuja kunijulia hali na kuku mwingine?"

Mama hakucheka. "Chepngeno akienda kabla sijamwona, hiyo leseni itanisaidia nini?"

Kipkemei akafunga mlango wa ndege, akampigia Gichuki kuomba pikapu. Kwa barabara ya Suam, penye kituo cha mpakani, wangefika siku hiyo hiyo. Mama alikubali kwa sharti moja: asivue shati lake jeupe la urubani lenye mistari mabegani.

Yule kuku asiye na cheti walimwacha kwa binamu yao pale Suam, wakavuka na kibuyu.

Huko Bukwo, Chepngeno alifumbua macho, akamwona dadake. Kwa sauti nyembamba akauliza, "Na ndege iko wapi?"

"Imezuiwa na sheria," Mama Jelimo alisema, akimvuta mwanawe hadi kitandani. "Lakini rubani nimekuletea. Inama, kijana, ashike bega."