Nilivyoganda na baridi ya jangwani Marekani kwa kuogopa kutia mguu kwenye kasino

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa, shikamooni.

Juzi humu kuna mwenzetu aliuliza abebe nguo gani, anakwenda Las Vegas mwezi wa kwanza. Mkamjibu abebe kaptula, kule ni jangwani. Nimeshindwa kunyamaza.

Na kabla hamjaanza: hii si chai. Ningekuwa natunga, ningejitungia sura nzuri kuliko hii mtakayoiona.

Ni miaka ya tisini mwanzoni, enzi za ruksa, biashara ndiyo zimefunguliwa. Nimemaliza chuo kikuu, naishi kwa mama Tandika, na kazi niliyoipata ni kumwandikia barua za Kiingereza mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo. Tumwite Mzee Ngowi, mtu wa Moshi. Alikuwa anauza redio na pasi. Aliposikia stesheni za TV za watu binafsi zinakuja Bara, akasema lazima TV za Temeke nzima zitoke dukani kwake.

Kukawa na maonyesho makubwa ya wauza TV huko Las Vegas, mwezi wa kwanza huo huo. Kiingereza cha mzee kilikuwa kinaishia kwenye "good morning", kwa hiyo akaamua twende wote, mie niwe mdomo wake.

Sasa mzee akaona aje nyumbani kumwomba mama ruhusa. Jambo la heshima kabisa. Amekaa, amekunywa uji wake, mambo yanakwenda vizuri, halafu akaropoka:

"Mama, usiwe na wasiwasi. Ni mji wa kamari tu ule, lakini sisi tunafuata TV."

Mji wa kamari tu!

Mama yangu ni mtu wa pwani, na kaka yake, mjomba wangu, karata zilimla mpaka mke akamkimbia. Kwetu hata kete za bao zikigonga sana alikuwa anafunga dirisha. Akanitazama.

"Niapie."

"Mama, nakwenda kikazi."

"Niapie kwamba hutatia mguu kwenye nyumba ya kamari. Ukitia mguu, radhi yangu huna."

Nikaapa. Waliolelewa na mama wa pwani wanaelewa. Mwenye kukosa radhi ya mama hata akipanda mchicha huota magugu. Hilo halikuwa la mjadala.

Hapo ishu ya kwanza. Ya pili ni jirani yetu, aliyewahi kuendesha malori Uarabuni. Alinikuta nakunja koti zito la mtumba nililolitafuta Manzese kwa wiki nzima.

"Dogo, unakwenda jangwani na koti? Utakaangika kama sambusa!"

Mie ni mtu wa kuwaza sana. Nikakumbuka jiografia ya sekondari: jangwani kuna baridi usiku. Nikajadiliana na nafsi. Usiku nitakuwa wapi? Nitakuwa nimelala ndani. Kwa hiyo koti ni mzigo. Nikaliacha, nikabeba kaunda suti mbili za mikono mifupi.

Elimu hiyo, wakuu.

Tulifika mchana. Jua linawaka, anga limepakwa buluu, nikamshukuru jirani yangu. Mlango wa uwanja wa ndege ukafunguka na upepo ukanipiga kifuani, nikarudi nyuma nikidhani nimesukumwa na mtu. Lile jua lilikuwa kama taa ya friji. Linamulika tu.

Mzee Ngowi yumo ndani ya koti lake, anacheka.

"Hii kwetu migombani ni asubuhi ya kawaida. Nyie watu wa joto mna shida."

Tukafika hotelini. Mlango ukafunguka, na hapo hapo mlangoni, mashine za kamari. Zinalia, zinawaka, watu wamekaa mbele yake kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Mapokezi yako kule mwisho, nyuma ya mashine zote.

Nikasimama.

"Ingia," mzee akasema.

"Mzee, hii ni nyumba ya kamari."

"Ni hoteli!"

"Hoteli imeanzia wapi na kamari imeanzia wapi?"

Nilikuwa nauliza kwa dhati kabisa. Nilikuwa naangalia zulia labda lina mpaka. Mzee akanitazama, akavuta pumzi, akaenda mwenyewe. Good morning yake ikamsaidia, japo ilikuwa saa tisa alasiri.

Mbeba mizigo mmoja alinionea huruma, akanionyesha mlango wa pembeni upande wa maegesho ya magari. Unafungua kwa ufunguo wako, unapanda ngazi, uko chumbani. Hakuna mashine hata moja. Nikafurahi kama niliyeokota embe chini ya mnazi.

Furaha ilikwisha kesho yake asubuhi. Watu wote walikuwa wanapita ndani kwa ndani, penye joto, wanatokea mlango mkubwa na kuvuka barabara kwenda kwenye maonyesho. Mie nashuka ngazi, natoka maegeshoni, nazunguka hoteli nzima kwa nyuma, napita kwenye mapipa ya taka na mabomba yanayotoa moshi, natokea mbele. Ile hoteli ukubwa wake ni kama soko la Tandika na mitaa yake. Upepo wa jangwani hauna nyumba wala mti wa kuuzuia. Unakuja moja kwa moja mpaka kwenye mbavu za mtoto wa Temeke.

Nikavaa kaunda suti zote mbili, moja juu ya nyingine. Ndani nikajifunga taulo la hoteli. Kwenye maonyesho Wajapani walikuwa wananiinamia kwa heshima, nadhani walifikiri ni vazi la taifa.

Najua mtasema ningenunua koti. Yalikuwepo. Duka la makoti lilikuwa ndani ya ile hoteli, katikati ya mashine, na pesa ya safari anayo mzee.

"Koti nitakununulia," akasema. "Ingia uchague."

"Nichagulie wewe, mzee. Lolote."

"Sichagulii mtu mzima nguo. Ingia."

Kila siku hivyo. Nikaanza kukohoa. Mzee jioni ananikuta natokea kwenye mapipa, meno yanagongana, anatikisa kichwa:

"Serikali imekusomesha bure mpaka chuo kikuu, uje kuwa mlinzi wa zamu Marekani."

Basi kukapatikana mtu wa kutuuzia. Mmarekani mmoja mzee, mpole, ana TV anazotaka kuzitoa kwa jumla. Akasema tumalizie mazungumzo asubuhi, tukipata kifungua kinywa. Wapi? Kwenye mgahawa wa hoteli. Na mgahawa uko wapi? Mnajua wenyewe.

Safari hii Mzee Ngowi hakucheka.

"Kesho saa mbili uwe mezani. Nimekuleta uwe mdomo wangu, na mdomo hauwezi kukaa maegeshoni. Usipokuja, tukifika Dar utafute kazi kwingine."

Kwa hiyo upande huu kazi, na nyumbani kuna dada zangu wawili wanaosoma. Upande huu radhi ya mama. Niliwaza mpaka kichwa kikauma. Nikapata jibu, na kama kawaida ya majibu yangu, lilikuwa zuri sana kichwani.

Kila mgahawa una jiko. Kila jiko lina mlango wa nyuma wa kutolea taka. Na mapipa ya taka mie nayajua kuliko mgeni yeyote wa ile hoteli.

Asubuhi nikafika kwenye mapipa. Kweli, kuna mlango wa chuma, umeachwa wazi kidogo na harufu ya vitunguu inatoka. Nikasema bismillah, nikasukuma.

King'ora!

Si kengele, wakuu. King'ora cha kuamsha wafu. Wakatokea walinzi wawili, wanene, wamenishika huku na huku. Kaunda suti mbili, taulo linaning'inia, nanuka vitunguu. Kiingereza changu chote cha chuo kikatoweka. Wakaninyanyua kwapani wakaanza kunipeleka ofisini kwao.

Ofisi yao iko upande wa pili wa kasino.

Nikapitishwa katikati. Yaani katikati kabisa! Mashine kushoto, mashine kulia, meza za karata. Wacheza kamari wa asubuhi wananigeukia. Nafunga macho, nasikia tu zile kengele zinalia, kililili, naona sura ya mama.

Nikasikia sauti ya Kiswahili.

"Huyo ni wangu! Mwacheni! Huyo kijana ni wangu!"

Mzee Ngowi amesimama mgahawani, kitambaa cha mezani kimemning'inia shingoni, anawapigia kelele walinzi kwa Kiswahili cha Moshi. Walinzi hawaelewi. Wakaniuliza anasemaje. Ikabidi mie mwenyewe, huku nimeshikwa kwapa, nifanye kazi niliyoajiriwa.

"Anasema mimi ni wake," nikatafsiri.

Nikaonyesha ufunguo wa chumba. Yule Mmarekani akaja akacheka mpaka machozi, akazungumza na walinzi, wakaniachia. Nikakalishwa kitini nikaletewa chai ya moto. Nikatafsiri biashara ile mwanzo mpaka mwisho. Ikakubalika. Kazi nikabaki nayo.

Lakini radhi?

Kwenye ndege sikulala. Nilikuwa naandaa utetezi. Mama alisema nisitie mguu. Mie sikutia, nilitiwa. Kutia na kutiwa ni vitu viwili, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Nikatulia kidogo. Halafu nikakumbuka: nilivyotoka mgahawani nilitembea mwenyewe katikati ya mashine mpaka mlango mkubwa. Jasho likanitoka. Juu ya bahari ya Atlantiki nikapata jibu: kule ni kutoa mguu, siyo kutia.

Mzee pembeni yangu anakoroma, hana habari.

Nikafika Tandika nakohoa kama gari bovu. Mama akanikumbatia, akanishika paji la uso, akauliza kabla sijakaa.

"Ulitia mguu?"

Nikamweleza yote, na sarufi yake yote. Kutia, kutiwa, kutoa. Mama amekaa kwenye mkeka barazani ananisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akanitazama miguuni, nami nikaanza kuwaza nitahamia kwa nani.

"Ulikuwa umevaa viatu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mguu hukutia. Umetia kiatu. Kivue hapo nje, kisiingie ndani kwangu. Njoo ule."

Wakuu, nikainama pale mlangoni kuvua. Mbavu zinaniuma kwa kikohozi. Nimezunguka mapipa siku zote zile. Nimevaa taulo mbele ya Wajapani. Nimeshikwa kama mwizi. Kumbe muda wote nilikuwa nimevaa viatu!

"Mama, sasa kwa nini hukuniambia kwamba viatu havihesabiki?"

"Kwani uliniuliza?"

Akaingia ndani kupakua.

Viatu niliviacha nje kama nilivyoamriwa. Hapo ni Temeke, asubuhi havikuwepo. Mama akasema alhamdulillah, vimekwenda na balaa lake. Nikaenda kuripoti kwa Mzee Ngowi Kariakoo na kandambili.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikuapisha, muulize pale pale ana maana gani. Mie niliwaza kila kitu kasoro kuuliza, na mtu wa kuulizwa, mama mwenyewe, alikuwa amekaa mbele yangu. Na wewe mwenzetu wa juzi, beba koti. Jangwa la mwezi wa kwanza halina undugu na la Uarabuni.

Sasa wajuzi wa lugha na wa dini mliomo humu, mnisaidie, maana mama alishatangulia mbele ya haki na hili bado linanisumbua: pale nilipotoka mwenyewe, ni kutoa au ni kutia? Na nani mwingine alishawahi kutii kiapo kwa namna ya kijinga kama mie? Wekeni hapa chini, nisijione niko peke yangu.