Orodha ya Marehemu Iliyoanza na Wapishi

Nitawasimulia, lakini mcheke kidogo kidogo, maana hapa Matondoni mpaka leo nikipita watu huniuliza nimemuua nani tena.

Ulikuwa mwaka wa kwanza bila baba, na mama aliomba kitu kimoja tu: jina la mumewe lisomwe kwenye khitma ya ukoo, kisomo cha kuwaombea marehemu wetu. Mimi, mwenye miezi miwili ya kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta (na kichwa kimenivimba), nikajitolea kuyapanga majina yote kwa programu, kalamu nikaiona ni ya wazee. Nikaandika kitanzi, yaani amri inayojirudia, cha kupitia ujumbe wa jamaa mmoja mmoja, na kila aliyejitolea kupika au kuhudumu, append, jina lake likaongezwa mwishoni mwa orodha. Safi. Kisha nikaandika kitanzi cha pili, cha marehemu, na hapo, kwa uvivu wa mstari mmoja, sikufungua orodha mpya, nikaendelea kuongezea kwenye ileile. Nikachapisha, nikaona karatasi ndefu, nikafurahi, wala sikuisoma.

Msomaji alikuwa mwalimu mgeni kutoka Kizingitini, hamjui mtu. Akashika kipaza sauti: "Shee Omari, Mola amrehemu." Watu wakaitikia amin, naye Bwana Shee yuko pale mlangoni na buli la kahawa mkononi (na yeye aliitikia, maskini, ndipo akashtuka). La pili, la tatu, minong'ono imeanza, mimi najipenyeza kati ya watu nimfikie mwalimu. La nne likawa la Bi Khadija, mpishi mkuu, na kutoka uani tukasikia: "Yeo mumenizika, nami wali ungali motoni!"

Watu wakaangua kicheko, hata wazee. Mwalimu akanitazama, akaikunja karatasi, na kwa kuwa laasiri ilikuwa imekaribia akafunga kwa dua ya jumla ya marehemu wetu wote. Baba alikuwa wa kumi na tisa, huko chini, hakufikiwa.

Wageni walipoondoka nikamkuta mama uani ameikunjua karatasi ile, kidole kinatafuta jina. "Nalitaka kumsikia tu, mwanangu," akasema. "Mara moja." Hapo ndipo nilipoona haya kweli, kuliko wakati wa kicheko. Nikamsomea mwenyewe, kati ya masufuria, naye Bi Khadija akaacha kuosha sahani akaitikia amin.

Khitma ijayo naandika kwa mkono, na jina la baba litatangulia.