Herufi za Vikombe vya Uji

Mama yangu ana shule ya chekechea barazani kwake, Mbagala. Nikisema shule namaanisha mikeka, ubao na sufuria kubwa la uji. Kila mtoto ana kikombe chake cha plastiki, na kila kikombe mama amekiandika jina la mwenyewe kwa rangi nyekundu ya kucha, kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Muda wa uji ukifika anapiga kengele, anavimwaga vikombe vyote mkekani na kusema, "Haya, kila mtu na chake!" Asiyelijua jina lake anasubiri wenzake wamalize kuchukua. Hakuna mtoto anayependa kusubiri uji, kwa hiyo majina yao wanayajua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Jirani yetu mmoja, bibi anayeuza vitumbua ng'ambo ya barabara, hakuamini kama kuna masomo pale. Mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wa mama, mtoto mkimya ajabu, nyumbani haulizi wala hajibu. Bibi alikuwa akiwaambia wateja wake kwa sauti iliyotufikia vizuri sana: "Wangu anaendaga kunywa uji tu. Mwaka mzima hajanisomea hata herufi moja!"

Mama alicheka mbele za watu, lakini yalimuuma. Mtaa wa pili ilikuwa imefunguliwa shule yenye basi la njano, na wazazi walikuwa wameanza kuichungulia. "Mwanangu," aliniambia, "mahafali haya yakienda ovyo, Januari nabaki na mikeka yangu."

Kwa kuwa mimi naandika programu za kompyuta, vyeti vikawa kazi yangu. Nikatunga programu fupi inayochukua jina la mtoto, inalichora katikati ya cheti, inatoa ukurasa wa PDF, kisha inakwenda kwa anayefuata. Mama aliniomba kitu kimoja tu: niandike kwa herufi kama zile za vikombe. Nikamwambia sawa mama, halafu nikafanya nilivyotaka. Nilikuwa nimepakua fonti moja, yaani aina ya herufi, yenye mikia na mapindo kama kadi za harusi za wenye nazo. Herufi ya kwanza peke yake ilikula nafasi ya jina zima. Niliipenda vibaya sana.

Asubuhi ya mahafali nikaenda steshenari na flashi yangu. Dada mwenye duka akalifungua faili, akalitazama, akaniuliza, "Braza, hawa watoto wote wanaitwa visanduku?"

Kweli bwana. Mahali pa kila jina palikuwa na mstari wa visanduku vitupu. Mapambo yapo, jina la shule lipo, watoto hawapo! Programu yangu haikuwa imeipachika ile fonti ndani ya faili. Ilikuwa imeitaja tu, na kompyuta ya dukani haikuwa nayo. Hapo hapo mama akapiga simu. Wageni wameshakaa, na bibi wa vitumbua yuko mstari wa mbele kabisa.

"Vyeti vipi?"

"Vinakuja, mama."

Nikafungua kompyuta yangu juu ya kaunta, kati ya madaftari na chupa za gundi. Ziko fonti chache za kawaida ambazo PDF inazijua tangu kuzaliwa kwake. Kila programu ya kusomea PDF inazo, au inazo pacha zake, kwa hiyo hupakui kitu wala hupachiki kitu, unaitaja tu na inaitika. Na Kiswahili chetu hakina vijialama juu ya herufi, kwa hiyo zinatutosha bila shida. Miaka yote nilikuwa nazidharau kama sare za shule. Nikafuta jina la ile fonti ya harusi, nikaandika Helvetica, ile nene, na nikaamuru majina yote yatoke kwa herufi kubwa. Dada akafungua faili jipya. Watoto wote walikuwepo, weusi, wamesimama wima! Nilishangilia mpaka mteja mmoja akaangusha karatasi zake.

Nilifika barazani natweta, vyeti vina joto la printa na vimechanganyika hovyo. Mama alikuwa amepanga kuwaita watoto mmoja mmoja. Akavitazama vyeti, akanitazama mimi.

"Si ndizo nilizokwambia?" alisema, na uso ukamchanua.

Hakuvipanga. Alivitandaza vyote mkekani mbele ya wageni, akachukua kengele ya uji akaipiga. "Haya, kila mtu na chake!"

Lo, furaha ya siku ile! Watoto walivamia mkeka, majoho ya kuazima yakiwakwaza, wanainama, wanasoma, wananyakua. Baba mmoja alijaribu kumwonyesha mwanawe kwa kidole, akajibiwa, "Baba, niache, najua!" Wageni wakasimama wote ili waone.

Mjukuu wa bibi hakukimbia. Alisubiri fujo iishe, mkekani vikabaki vyeti viwili. Bibi akakohoa. Mtoto akaokota kimoja, akakibana kwapani. Kisha akaokota na cha pili, akampelekea mama yangu.

"Mwalimu, hiki cha rafiki yangu. Hajaja, anaumwa matubwitubwi. Mie nitampelekea."

Ilikuwa kweli, jina lilikuwa la huyo rafiki. Bibi akainuka, na vigelegele alivyopiga vilisikika hadi kwenye karai lake la vitumbua. Akamvuta mjukuu, akamwambia, "Nionyeshe jina lako liko wapi." Mtoto akapitisha kidole chini ya herufi, moja baada ya nyingine, na kidole cha bibi kikafuata nyuma. Mama alilia waziwazi. Mimi pia nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Januari mikeka ilijaa. Siku ya kufungua, bibi alikuja mapema akiwa amemshika mkono mjukuu wake mwingine, mdogo wa yule, na vikombe viwili vipya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Tuandikie."

Mama akatoa rangi ya kucha, akaandika jina la mtoto kwenye kikombe cha kwanza. "Na hiki kingine cha nani?"

Bibi alikuwa ameshavua kandambili na kukaa mkekani.

"Changu," alisema. "Herufi zile zile."