Sura ya Mfalme Ambayo Mama Hajaifikia

Mama yangu alimwombea mfalme wa Wabelgiji kanisani, kwa sauti, mbele ya Wakongo wenzetu, na chanzo kilikuwa mimi. Namsema mfalme yule aliyeifanya Kongo mali yake binafsi bila kuikanyaga hata siku moja, ambaye askari wake waliwakata watu mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa safu ya pili, nami nilijua kwamba nusu ya sababu ya sala ile haikuwa kweli.

Kiangazi kile cha Louisville, Marekani, kilinukia kafuri na sabuni ya maua. Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja Mzungu aitwaye Evelyn, ambaye sisi tulimwita Madame. Kila asubuhi tulitoka mtaani kwetu Beechmont, tukapanda mabasi mawili, na mama alisinzia katika yote mawili. Mimi sikutakiwa kuwapo. Kampuni yake ilikataza wafanyakazi kuja na watoto. Lakini shule zilikuwa zimefungwa, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kunitazama. Madame alikubali kunyamaza kwa sharti moja, kwamba nimsomee, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka. Alitaka kitabu kimoja tu, kizito, chenye jalada jekundu, kilichoeleza maisha ya faragha ya wafalme na malkia wa Ulaya.

Nilimsomea Madame Kiingereza, kisha mama akataka naye aambiwe kwa Kiswahili. Mimi niliyezoea kumjibu mama kwa Kiingereza nilijikuta nikitafuta maneno ya ikulu katika lugha niliyoijua ya jikoni. Nilimweleza habari za mfalme wa Ufaransa aliyevishwa shati kila asubuhi mbele ya wakubwa waliosimama kumtazama. Mama alikuwa amepiga magoti, akimvisha Madame soksi.

"Bon," alisema kwa Kiswahili chake cha Kongo chenye Kifaransa ndani, "na ule mwenye kumuvalisha, yeye nani alimuvalisha?"

Nilimweleza habari za malkia wa Uingereza aliyefiwa na mumewe, akaamuru maji ya moto na nguo safi zipelekwe chumbani mwa marehemu kila jioni, miaka na miaka. "Mufanyakazi njo yeye alichoka," mama alisema. "Kubeba maji ya mutu mwenye hayupo."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nadhani mengi tunayoyajua kuhusu wale watu yalitoka kwa waliomwaga mabeseni yao. Mama mwenyewe aliujua mwili wa Madame, kilio chake na vikaratasi alivyovificha chini ya mto, na hakuwahi kumsimulia mtu yeyote.

Tulipofika sura ya mfalme wetu, mama alimtambua kabla sijamaliza kutamka jina. Nilisoma kwamba mwanawe wa pekee wa kiume alitumbukia katika bwawa, akapata homa ya mapafu, akafa. Siku ya mazishi mfalme alishindwa kujizuia, akapiga magoti kando ya jeneza akilia.

Kitambaa alichokuwa akimwogeshea Madame kilisimama mkononi mwa mama. "Alilia? Yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mutoto alikuwa na miaka ngapi?"

"Tisa."

Kaka yangu Baraka alikuwa na miaka tisa homa ilipomchukua katika kambi ya wakimbizi, kabla akili yangu haijaanza kukumbuka. Kule kambini mama aliitwa Mama Baraka. Louisville wote walimwita Mama Aline, kwa jina langu, na hakuwahi kumsahihisha mtu. Nyumbani jina la Baraka halikutajwa.

Kurasa chache mbele, mfalme yule, sasa mzee wa miaka sitini na mitano, alimpata msichana wa miaka kumi na sita huko Paris, akamweka kinyumba na kuzaa naye. Madame alicheka hadi akakohoa.

"Anacheka nini?" mama aliuliza.

Kwetu mtoto hamwambii mzazi jambo kama lile. "Alichukua msichana maskini," nilisema, "akamlea."

"Kama mutoto wake?"

"Ndiyo."

Mama alikikamua kitambaa taratibu. "Donc, ile kifo ilimubadilisha."

Jumapili akamwombea mfalme. Baada ya ibada, Papa Josué, mzee wa kanisa, alimfuata mlangoni. "Mama Aline, ule mufalme uliomuombea, unamujua vizuri?"

"Namujua. Bibi yangu alinielezea. Lakini alizika mutoto, kisha akalea wa wengine. Mi nilizika Baraka, na huyu hapa nilishindwa kumubeba mwaka muzima." Aliniwekea mkono begani.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Papa Josué alivua kofia. "Pole, Mama Baraka," alisema, na tangu siku ile kanisa zima linamwita hivyo. Alasiri hiyo mama, akinisuka nywele, alinisimulia kwa mara ya kwanza jinsi kaka yangu alivyopenda kupiga mluzi wakati wa kula.

Madame alifariki majira ya baridi, na mwanawe akampa mama kile kitabu kama kumbukumbu. Sasa naishi Kenmore, kaskazini mwa Buffalo. Kila ninaposafiri kwenda kumwona mama nasimama njiani, Columbus, kutia mafuta, na hapo sentensi yangu ya kumwambia ukweli kuhusu msichana yule huwa imekamilika. Nikifika Beechmont huwa imekwisha kupotea. Siku hizi mimi ndiye ninayepiga magoti kumvisha soksi, maana magoti yake mwenyewe hayakunjiki tena. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka ishirini na mitatu, na imenichosha.

Mama amestaafu, anasoma Kiingereza kwenye darasa la wazee, na ameamua kukimaliza kitabu cha Madame, kidole chini ya kila neno, nusu ukurasa kwa siku. Mwezi uliopita alama yake ilikuwa ukurasa wa mia moja na kumi. Sura ya mfalme wetu inaanzia mia moja ishirini na sita. Jana alinipigia simu akiuliza nitakuja lini. Hakusema kwa nini, nami sikumwuliza.