Hukumu Mbili kwa Shamba Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Tororo, Msajili wa mahakama aliniwekea mezani hukumu mbili za kesi za mashamba, akanitaka nimweleze zimefanana wapi na zimeachana wapi. Nilikuwa nimetoka seminari, nimezoea kusoma mstari kwa mstari. Baada ya saa nzima alicheka.

"Ndugu yangu, hii si misa. Anza na ugomvi. Nani anamdai nani, na kwa nini?"

Maneno hayo yaliniongoza miaka yote niliyofundisha wasaidizi wa sheria, yaani watu wanaosaidia wanakijiji wasio na uwezo wa kumwajiri wakili. Kila mwanafunzi alichora jedwali: matukio, swali lililokuwa mbele ya hakimu, uamuzi, na sababu ya uamuzi. Nilisisitiza sababu. Tofauti isiyogusa sababu haina uzito. Ng'ombe awe mwekundu au mweusi, kesi ni ile ile.

Baadaye Mkuu wa chuo nilichofundishia alinihamishia Busia. Huko nilimfundisha Nyafwono, mama wa watoto watatu aliyewahi kuuza vitenge. Alikuwa akimwandalia kesi Mama Awor, mjane wa kijiji cha Mella ambaye shemeji yake alitaka kumnyang'anya shamba. Nyafwono alipata hukumu iliyompa mjane ardhi kwa sababu aliendelea kuilima. Niliisoma, nikaipitisha.

Busia tunavuka mpaka wa Kenya kununua sukari, kuzika, kuwasalimu wakwe. Hukumu za pande zote mbili tuliziweka rafu moja. Si mimi wala Nyafwono aliyeuliza hukumu ile ya mjane imetoka upande gani.

Siku ya kesi, Tororo, wakili wa shemeji alisimama kwa utulivu. "Mheshimiwa, hukumu hii ni ya Kenya. Haikufungi." Kisha akatoa ya Mahakama Kuu yetu, ambamo mjane alishindwa.

Mama Awor alinigeukia, akaninong'oneza, "Mwalimu, tumeshindwa?"

Niliomba kimoyomoyo. Nyafwono alifungua daftari, akampa karatasi wakili wetu, aliyejitolea kumtetea Mama Awor bila malipo. Kumbe hukumu ile ya pili nayo alikuwa ameichorea jedwali. Wakili wetu alikiri kwamba ile ya Kenya ni ya kushauri tu. Halafu akaeleza kwamba mjane wa kesi ya pili aliolewa kwingine, shamba likawa pori. Alinyimwa kwa kuwa aliliacha, si kwa kuwa ni mjane. Mama Awor hajaacha kulima msimu hata mmoja.

Hakimu alikubali tofauti hiyo, akampa Mama Awor shamba.

"Kwa hiyo kesho nakwenda kupalilia?" Mama Awor aliuliza.

"Nenda, mama."

Nje nilimwomba Nyafwono msamaha mbele ya wenzake. "Mwalimu," alisema, "leo wewe ndiye uliyefeli." Tulicheka kwa ahueni. Tangu siku hiyo mstari wa kwanza wa jedwali ukawa: mahakama gani, nchi gani.

Sasa nimestaafu, na Nyafwono anafundisha darasa lile. Vijana wakiniuliza kama naikumbuka kazi, huwaambia naikumbuka bila majuto. Namshukuru Mungu kwamba kosa langu lilimkuta mwanafunzi aliyekwisha kunizidi, na kwamba Mama Awor bado analima.