Mguu Wangu Sakafuni Fittja

Mganda niliyekaa naye chumba kimoja Fittja, mtaa wa wahamiaji huko ughaibuni, alichaguliwa kusomea uokoaji wa watu wanaoumia wakiteleza kwenye theluji milimani. Mimi, niliyeshusha wageni sijui wangapi Kilimanjaro kwa machela, nilikataliwa: eti Kiswidi changu hakitoshi! Nikamwonea wivu.

Usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho alinilaza sakafuni jikoni afanye mazoezi, akanifunga mguu kwa vibao, kama umevunjika.

“Ndugu yangu, nimekaza sana?”

“Hapana, iko sawa.”

Alikuwa amekaza vibaya mno, nami nilijua. Nikanyamaza mpaka mguu ukafa ganzi, huku namwombea afeli.

Kesho yake alirudi na cheti, akanikumbatia. “Bila mguu wako nisingefaulu.”

Nilikuwa bado nachechemea.