Funguo Zisizolia

Kwa miaka mingi watu wa ghala la korosho, nje kidogo ya Nanyamba, walimsikia Sharifa kabla ya kumwona. Alikuwa mtunza ghala, na kiunoni alining'iniza kitita cha funguo: za milango, za ofisi, za chumba cha mizani, za geti, na nyingine ambazo kufuli zake zilikwisha kuoza zamani. Akitembea zililia kama njuga. Makuli waliojilaza mchana juu ya magunia matupu walikuwa wanaamka wenyewe wakizisikia, wanajifanya wana kazi.

Mwanawe Sudi, anayeuza simu Dar es Salaam, alimtumia kwa basi kishikio cha funguo cha kisasa. Kilikuwa vipande viwili vyembamba vya bati gumu. Funguo zinapangwa katikati na kubanwa kwa skrubu, halafu zinakunjwa na kukunjuliwa kama kisu cha mfukoni. Humo humo kulikuwa na bisibisi ndogo na kifungulio cha chupa. Sharifa alikwenda nacho Mtwara mjini, kwa fundi wa funguo wa mtaa wa Chuno. Fundi akatupa funguo zilizokufa, akapanga zilizobaki, akakaza skrubu na kuzitia gundi zisilegee.

"Sasa mama utatembea kimya kama paka," alimwambia.

Sharifa alikipenda. Jioni ile aliwaonyesha majirani, akikunjua ufunguo mmoja mmoja.

Siku ya pili yake ilikuwa ya kufukiza dawa ya wadudu. Alfajiri katibu wa ghala alifungua mlango kwa ufunguo wake wa akiba, kisha akaenda mjini. Gaudensi, mtaalamu wa kazi hiyo, alifika asubuhi na barakoa yake ya vichujio. Alifunika milundo ya magunia kwa maturubai, akaziba matundu ya hewa kule juu kwa nailoni. Kabla hajaweka vidonge vya dawa, vinavyotoa gesi, ilikuwa zamu ya Sharifa kukagua kwamba hakuna mtu ndani. Alipita njia ya kati, akatazama kushoto na kulia, akaita mara moja, "Kuna mtu?" Magunia yakaimeza sauti. Hakuzunguka nyuma ya mlundo wa mwisho.

Gaudensi akaweka vidonge, akatoka. Sharifa akavuta mlango wa chuma, akabana kufuli. Kufuli lile hujifunga kwa kubanwa tu, bila ufunguo. Limekaa ndani ya kisanduku cha chuma kilichochomelewa mlangoni ili wezi wasilifikie kwa msumeno, na anayelifungua hupitisha vidole kwa chini.

Walikuwa wamekaa kivulini wakati Vania, mama lishe ambaye ukoo wake ulivuka Ruvuma kutoka Msumbiji enzi za babu yake, alipokuja na sahani iliyofunikwa.

"Dada Sharifa, Salumu yuko wapi? Ugali wake unapoa."

"Si yuko na makuli wenzake?"

"Wenzake wamekwisha kula. Wanasema aliamka na homa, hawajamwona tangu asubuhi."

Sharifa akachukua simu, akampigia. Wote wakanyamaza. Simu ya Salumu ilikuwa inaita ndani ya ghala.

Gaudensi alisimama kwanza. "Fungua, Mama Sudi. Gesi haitoki yote kwa mpigo, lakini kwa joto hili haitachelewa."

Sharifa akakunjua ufunguo, akaupitisha kwa chini. Ukaingia nusu, ukakwama. Kishikio kilikuwa kimegonga ukingo wa kisanduku. Akaugeuza upande, ukagonga tena. Zamani, ufunguo huo ukiwa kwenye pete, aliuingiza kwa ncha za vidole. Sasa ulikuwa umebanwa na mwili mzima wa bati. Ufunguo wa akiba alikuwa nao katibu, mjini Mtwara.

"Salumu!" aliita, akigonga mlango kwa kiganja.

Kikatoka kikohozi. Halafu sauti nzito ya mtu aliyeamshwa. "Mama? Mbona giza?"

"Njoo mlangoni. Weka pua kwenye upenyo, uvute hewa ya nje. Njoo sasa hivi."

"Nakuja. Kichwa kinazunguka."

Walisikia miguu ikijiburuta, kisha kishindo, kisha hawakusikia kitu.

Gaudensi akavaa barakoa, akaegemeza ngazi ukutani, akaanza kuchana nailoni za matundu. Makuli wakapiga kisanduku kwa nyundo, chuma kilikataa. Sharifa akajaribu kufungua skrubu. Bisibisi aliyokuwa nayo ilikuwa imebanwa ndani ya kishikio chenyewe, haikuweza kukifungua. Vania akampa kisu cha jikoni. Ncha ikakatika.

"Gundi," Sharifa alisema. "Fundi ametia gundi."

Kutoka juu ya ngazi Gaudensi akachomoa kitu mfukoni, akakirusha. "Pokea. Kunjua, utaona plaizi."

Kilikuwa chuma kizito cha mfukoni, kila chombo kimekunjwa ndani yake. Sharifa alikuwa hajawahi kukishika. Alikunjua kisu, akakunjua msumeno, ndipo akapata plaizi. Aliachana na skrubu. Akabana ukingo wa bati, akapinda, akarudisha, akapinda tena. Bati likachanika na kumkata kiganja, funguo zikamwagika mchangani. Akaokota ule mmoja, akaubana kwa plaizi, akaupitisha kwa chini.

"Polepole," alisema Gaudensi, ambaye sasa alikuwa nyuma yake. "Ukikatikia ndani, tumekwisha."

Alizungusha huku amezuia pumzi. Kufuli likaachia.

Gaudensi aliingia peke yake. Alitoka akimburuta Salumu kwa makwapa, midomo imepauka, shati limejaa matapishi. Wakampakia kwenye bajaji, na kutoka kituo cha afya akapelekwa mjini.

Jioni Sharifa alimkuta Sabra, mke wa Salumu, kwenye veranda ya hospitali, amekaa mkekani. Sabra hakuitikia salamu.

"Nani alifunga mlango?"

"Mimi."

"Hukumwita?"

"Niliita mara moja. Sikuzunguka nyuma."

Sabra akatazama kitambaa chenye damu mkononi mwa Sharifa, kisha akatazama pembeni. Sharifa alibaki amesimama. Muda ulipita, hata muuguzi akatoka na kusema moyo wa mgonjwa bado unaangaliwa. Ndipo Sabra akasogea kidogo mkekani. Sharifa akakaa. Wakakaa pamoja mpaka adhana ya Isha.

Kesho yake Salumu aliongea. "Mama, sikukusikia ukipita," alisema. "Siku zote nakusikia."

Mbele ya kamati ya ghala Sharifa alieleza yote bila kumsingizia fundi wala mwanawe. Wakamwondolea utunzaji wa ghala, wakamweka kwenye mizani, nje. Hakubisha.

Msimu uliofuata Salumu alirudi kazini, lakini ndani ya ghala hakuingia. Alishusha magunia kutoka kwenye magari, akayafikisha mizanini kwa Sharifa, na wengine wakayaingiza.

"Kifua kinaendeleaje?" Sharifa alimuuliza kila asubuhi.

"Usiku kinabana kidogo, mama. Mchana hakinisumbui."

"Basi weka gunia, baba. Pumzika kwanza."